Kibali Kabla ya Homowo

Mei 4

Mvua ya kwanza ya maana mwaka huu. Ukuta wa upande wa mashariki umelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Mwaka jana nusu yake iliangukia banda la kuku. Tulikula kuku wiki nzima na hakuna aliyefurahia.

Leo ukoo umekutana uani. Ataa Okpoti, kaka mkubwa wa marehemu baba na ndiye mkuu wa nyumba, aliketi kwenye kile kiti chake cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, akasema amechoka.

"Mvua ikinyesha nalala jicho moja kwenye dari. Kuna bwana anataka kiwanja hiki ajenge hoteli. Ninyi mnasema mtajenga ghorofa wenyewe, na ndugu zenu walio nje wameshachanga. Sawa. Nileteeni kibali cha ujenzi chenye mhuri kabla ya Homowo. Kisipokuja, tutakula sikukuu hapa kwa mara ya mwisho, na Jumatatu yake namwita yule bwana."

Akauliza nani atakwenda ofisini. Kila mtu akaanza kuangalia vidole vyake vya miguu. Ndipo dada yangu Dede akasema, "Tsotsoo aende. Hana haya."

Wote wakaitikia kwa furaha. Hivyo ndivyo mimi, muuza madonge ya mahindi tunayoyaita kenkey, nilivyogeuka kuwa mfuatiliaji wa vibali.

Mei 7

Ramani aliichora binamu yetu Odartey: chini jiko langu la kenkey lenye dohani, na maduka mawili; juu vyumba vya ukoo. Nimeibeba kwapani kama mkate mrefu, nimekwenda halmashauri.

Dirishani nilimkuta mwanamke mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Kibao kinasema Lartekai Quaye, Mkaguzi wa Majengo. Nikamsalimia kwa adabu zote, nikamuulizia na watoto.

"Watoto hawajambo. Ramani iko wapi?"

Akaikunjua, akaigeuza, akaitazama kama mtu anayekagua samaki wa jana.

"Ngazi hii ya kupandia juu. Chini yake kuna nini?"

"Ardhi, Madam."

"Ardhi gani?"

"Ya kawaida. Ile ya chini."

Foleni nzima ikacheka. Yeye hakucheka. "Hapana," akasema. "Niletee vipimo vya mpima ardhi vinavyoonyesha mifereji yote. Niletee saini ya kila mtu mzima mwenye chumba humo. Kisha fundi bomba mwenye leseni, fundi umeme mwenye leseni, na zimamoto waliangalie hilo jiko. Ndipo kamati ikae."

"Kamati inakaa lini, Madam?"

"Ikiletewa kazi iliyokamilika."

Nimempa jina. Bi Hapana.

Mei 8

Mvua. Nilipokuwa nakanda unga nilimfikiria Bi Hapana. Unga umekandika vizuri kuliko siku zote.

Mei 13

Marufuku ya ngoma na kelele, ya kila mwaka kabla ya sikukuu ya mavuno ya Homowo, imeanza leo. Ga Mashie, mtaa wetu huu wa Accra, yote kimya. Hata redio zinanong'ona.

Saini zimekwenda vizuri mpaka chumba cha mwisho, kwa Shangazi Amerley. Nilimkuta anakula.

"Shangazi, niwekee dole gumba tu hapa."

"Dole langu liko kwenye supu."

"Nitangoja ulioshe."

"Likioshwa linaingia kwenye samaki."

Nikacheka, nikadhani ni utani wake. Akaweka bakuli chini. "Tsotsoo, sikiliza. Chumba hiki ndimo nilimozaliwa. Mume wangu alikata roho kwenye kitanda kile. Leo mnataka kunibomolea, mnipandishe juu kama kuku anayetafuta pa kutagia? Siweki dole. Nenda kamwambie Okpoti."

Nilikwenda kumwambia Ataa Okpoti. Akasema yeye hajawahi kumshinda Amerley tangu wakiwa watoto, na hana mpango wa kuanza sasa.

Sasa nina Bi Hapana wawili. Huyu wa pili nalala naye ua mmoja.

Mei 15

Mpima ardhi amekuja. Anaitwa Mzee Aflakpui, Mwewe, yaani mtu wa kabila la Ewe, kutoka Keta, mjane, alistaafu zamani na sasa anapima viwanja ili, anavyosema, asikae nyumbani kuongea na kuku. Kofia ya majani, suruali iliyopigwa pasi mpaka mkunjo wake ungeweza kukata nyanya.

Alipima vizuri mpaka alipofika mlango wa Shangazi.

"Wewe," Shangazi akasema, "hiyo kamba yako ikigusa kizingiti changu nitaikata kama bamia."

"Mama, mimi napima tu. Sichukui kitu."

"Ndivyo mnavyosemaga wote."

Mzee akaondoa kofia, akarudi nyuma, akapima dirisha kwa nje. Akaandika. Shangazi akachungulia. "Umekosea! Dirisha langu si dogo hivyo!"

"Basi nikaribishe nipime kwa ndani."

Akafungiwa dirisha usoni. Nikamwambia Shangazi apunguze sauti, marufuku imeanza. Akanijibu kutoka ndani kwamba wazee walipiga marufuku ngoma, hawakuutaja ulimi wake.

Mei 16

Mzee Aflakpui karudi. Anasema jana utepe wake wa kupimia ulilowa, vipimo si vya kuaminika.

Mei 17

Karudi tena. Leo jua lilikuwa kali, utepe umetanuka.

Mei 18

Shangazi kampa kenkey na samaki wa kukaanga "ili afunge mdomo." Hakuufunga. Wamebishana mpaka alasiri kuhusu pilipili gani ni kali zaidi, ya Keta au ya Accra. Hakupima chochote.

Mei 21

Nje ya lango la halmashauri hukaa kijana mmoja wa miwani ya giza, watu humwita Njia-Fupi. Leo kanivuta pembeni.

"Mama Kenkey, nimekuona unavyopanda na kushuka. Nipe ramani hiyo na kitu kidogo cha kulainisha, wiki ijayo kibali kiko mkononi. Hutamwona hata yule bibi wa miwani."

Nakiri nilisimama nikafikiri. Ataa Okpoti asubuhi alikuwa ameniambia yule bwana wa hoteli kapiga simu tena. Nikamtazama Njia-Fupi, viatu vyake vimemeta, mvua yote hii na hana tope.

"Na ghorofa likiwaangukia wanangu," nikamwuliza, "wewe tutakupata wapi?"

Akacheka, akasema mimi ni mtu wa zamani. Nikaondoka. Njiani nilijilaumu, kisha nikajisifu, kisha nikajilaumu tena mpaka nikafika nyumbani.

Mei 28

Nimepeleka vipimo. Mzee Aflakpui ameongeza mstari wa nukta unaokata uwanja wetu katikati. Anasema ramani za mji za zamani sana zinaonyesha mfereji wa kujengwa kwa mawe, ulifunikwa kabla hata ya babu kuzaliwa. Odartey anasema ni hadithi. Yeye amecheza mpira kwenye ua ule maisha yake yote na hajawahi kuona mfereji.

Bi Lartekai akaweka kidole juu ya nukta.

"Ngazi yenu imekaa juu ya hiki. Na nusu ya jiko."

"Madam, hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuuona."

"Maji hayahitaji kuonwa na mtu. Hamisha ngazi. Hamisha jiko. Chora upya."

"Homowo ni Agosti!"

"Najua Homowo ni lini, mama. Mimi pia ni Mga kama wewe."

Nilitoka pale machozi ya hasira yananitoka hadharani. Mwanamke huyu anapenda kusema hapana kama watoto wanavyopenda kupuliza filimbi. Odartey naye kanuna. Anasema hachori tena kwa sababu ya nukta za mzee aliyelewa mapenzi.

Nikamwuliza mapenzi gani. Akanitazama kama anamtazama kipofu.

Juni 3

Mvua tangu alfajiri. Nilipokuwa napeleka kenkey sokoni nilimwona Bi Lartekai peke yake, gambuti mpaka magotini, mwavuli umepinduka, anachoma fimbo ndani ya mtaro uliojaa takataka. Nilidhani kapoteza kitu.

"Madam, umedondosha nini?"

"Sijadondosha. Naangalia maji yanakwenda wapi."

"Si ziko ramani ofisini?"

"Ramani hazinyeshewi. Lazima mimi ninyeshewe badala yake." Akapangusa miwani kwa gauni lililolowa, ikazidi kuchafuka. "Kila msimu natembea hivi. Wenzangu wanasema nina kichaa kidogo."

Nilimpa kenkey mbili za moto. Akakataa kuzipokea bure, akanilipa pale pale mvuani. Nimeshindwa kumchukia siku nzima, na nilijaribu.

Juni 6

Marufuku imeondolewa! Ngoma tangu mchana. Shangazi Amerley amecheza mlangoni kwake, na nani aliyekuwa anampigia makofi? Utepe umelowa tena, bila shaka.

Juni 9

Odartey kaanza kuchora upya. Ilibidi nimpelekee chakula na nimsifu. Kusifu ndiko kulikonichosha.

Juni 16, Jumapili

Nataka kuandika yote kabla sijasahau mpangilio wake.

Tulikuwa tumetoka kanisani. Mawingu yalikuwa meusi upande wa bara, si upande wa bahari, na Ataa Okpoti alisema hayo ndiyo mabaya. Mvua ikashuka yote kwa pamoja, kama mtu kapindua karai. Kwa muda maji yalijaa uani kama kawaida, tukapandisha masufuria juu ya meza. Kisha nikasikia mlio. Si radi. Kama mtu anayesukutua koo chini ya miguu yetu.

Ardhi ikapasuka. Katikati ya ua, pale pale ambapo Odartey alikuwa amechora ngazi, pakafunguka tundu, na maji ya kahawia yakaruka juu kufika kifuani kwa mtu mzima. Mawe ya kuchongwa yalionekana ndani, yamepangwa vizuri kama meno. Mfereji. Ulikuwepo siku zote, umenyamaza.

Watoto tukawapeleka kwa jirani. Nikahesabu wanangu, nikahesabu wa Dede, wote wapo. Ndipo Dede akapiga ukelele: "Shangazi!"

Chumba chake kiko upande wa mtaro. Maji yalikuwa yameshapita kizingiti na ukuta wa nyuma unavimba. Shangazi alikuwa amekaa kitandani, miguu juu, amekumbatia sanduku la nguo.

"Shangazi, toka! Ukuta unakuja!"

"Uje. Nimekwambia sitoki humu."

"Utakufa!"

"Nitafia kwangu. Ondoka wewe, una watoto."

Nilimshika mkono akaning'ata. Kweli kaning'ata, alama ninayo. Nilikuwa nalia na kumtukana kwa pamoja. Mara nikasikia nyuma yangu maji yanakatwa, nikageuka: Mzee Aflakpui, hana kofia, suruali ile ya pasi imejaa tope mpaka kiunoni. Nyuma yake Bi Lartekai na fimbo yake. Walikutana barabarani, kila mmoja anakuja kwetu kwa sababu yake.

Mzee hakubembeleza. Akasimama mlangoni akasema, "Amerley, mimi nilimzika mke mmoja. Sina nguvu ya kuzika mwanamke wa pili niliyempenda. Panda mgongoni."

Shangazi akashusha miguu majini.

"Na sanduku?" akauliza, sauti ndogo.

"Sanduku atabeba Tsotsoo."

Akapanda. Mzee akayumba, Bi Lartekai akamshika ubavuni, na tukatoka hivyo, msafara wa ajabu, yule mkaguzi akipiga fimbo mbele na kupaza sauti, "Kulia! Kulia zaidi! Msikanyage karibu na tundu!" Tulikuwa tumefika lango la jirani ukuta ulipoanguka. Haukupiga kelele kubwa. Ulikaa chini tu, kama mtu aliyechoka.

Shangazi aliutazama kutoka juu ya mgongo wa Aflakpui. Nilidhani atalia. Akasema, "Kitanda kile kilikuwa na kunguni pia." Kisha akaanza kucheka, na sisi wote tukacheka, tumelowa, tunatetemeka, tunacheka mpaka Dede akaketi majini.

Hakuna aliyeumia ila mimi niliyeng'atwa.

Kabla ya kuondoka Bi Lartekai alisimama ukingoni mwa tundu akaangalia yale mawe muda mrefu. Nilijua ana haki ya kuniambia neno. Aliniambia tu, "Wekeni mabati na mawe pande zote, watoto wasisogee." Nikawaza: ngazi yetu, jiko langu, sufuria zangu, mimi mwenyewe nimesimama ninakoroga unga juu ya lile koo. Nilimkumbatia. Alikuwa mgumu kama mlango, kisha akanipigapiga mgongoni mara kadhaa, akakohoa, akaenda nyumba ya pili.

Kuanzia leo simwiti tena jina lile.

Juni 17

Kusafisha tope. Odartey kaja na beleshi bila kuitwa.

Juni 22

Nimempelekea Shangazi karatasi ya saini. Analala kwa Dede sasa. Nilidhani ataweka dole mara moja. Wapi!

"Nina sharti."

"Sema, Shangazi."

"Chumba changu kiwe chini, si juu. Kiwe na dirisha la barabarani nione wanaopita. Na mlango uwe mpana."

"Mpana wa kutosha kupitisha kitanda?"

"Mpana wa kutosha kupita watu wawili bila kugombana."

Nikamtazama. Akajifanya anatafuta mwiba kwenye samaki.

"Shangazi! Mwewe?"

"Kwani Mwewe hana miguu ya kuingilia mlangoni? Leta huo wino."

Odartey ametoa duka moja kumpatia chumba. Amechora mlango mpana kuliko milango yote nchini Ghana.

Julai 1

Ramani mpya imepita kwa Bi Lartekai. Aliitazama yote, kila kona. Alipofika kwenye mlango wa Shangazi akauliza, "Huu ni wa gari?"

"Wa maarusi, Madam."

Kwa mara ya kwanza nimeona meno yake. Ana mwanya mzuri.

Julai 5

Fundi bomba kasaini. Fundi umeme hakutokea.

Julai 8

Fundi umeme hakutokea.

Julai 9

Nimemfuata fundi umeme kwake, nikaketi kwenye benchi lake na sufuria yangu ya pilipili, nikawauzia chakula majirani zake huku nikimsimulia kila mteja kwa nini nipo pale. Kabla ya adhuhuri alikuwa amesaini, na mke wake akanisindikiza mpaka kona akinishukuru.

Julai 12

Afisa wa zimamoto amekuja kukagua mchoro wa jiko. Mwanamume mkubwa mwenye sauti ya upole. Anataka mlango wa pili wa kukimbilia, na matangi ya gesi yakae nje. Zamani ningebishana. Leo nilimwuliza afadhali mlango ufungukie upande gani.

Harusi ya kimila ya Shangazi imefanyika Jumamosi iliyopita kwa Dede. Sikuandika kwa sababu nilikuwa nacheza. Watu wa Keta walileta pombe ya shnapsi ya mahari, kitambaa, na samaki wakavu wa kutosha mtaa mzima. Ataa Okpoti alimwuliza Shangazi mara tatu kama tupokee vinywaji hivi. Mara ya tatu akajibu, "Okpoti, pokea kabla hawajabadili mawazo!"

Julai 18

Kamati ilikuwa ikae leo. Akidi haikutimia. Nimekaa kwenye ngazi za ofisi nikaangalia mvua nyepesi. Kikao kinachofuata ni Alhamisi ya wiki ya Homowo. Alhamisi! Sikukuu ni Jumamosi.

Nilimweleza Ataa Okpoti. Alifunga upya waya wa kiti chake. Bwana wa hoteli amealikwa kula nasi.

Agosti 2

Shangazi ananiambia nisikonde, wanawake wembamba hawauzi kenkey.

Agosti 8, Alhamisi

Leo ndugu wa vijijini wameingia mjini na mahindi na viazi, barabara zimejaa nyimbo na sare nyekundu, na mimi niko kwenye korido ya halmashauri na kikapu cha kenkey kichwani. Nilikuwa na mpango wangu. Kamati ikianza kutawanyika kwa njaa, niwashibishe wakae.

Bi Lartekai akanikuta mlangoni.

"Hicho nini?"

"Chakula kidogo tu, Madam, cha sikukuu."

"Chakula cha mwombaji hakiingii kwenye kikao. Toa nje."

"Madam, lakini..."

"Tsotsoo." Hajawahi kuniita kwa jina. "Umefika hapa kwa miguu iliyonyooka. Usiipinde leo. Toa nje."

Nikatoa nje. Kikapu nikakiweka uani, nikakaa kando yake. Sikufanya kusudi, Mungu ananiona: pale ndipo palipokuwa na kivuli, na ilikuwa bahati yao kwamba juu yake kulikuwa na dirisha la chumba cha kamati, na lilikuwa wazi.

Nilisikia kila kitu. Maombi yetu yalikuwa ya mwisho. Kulikuwa na mjadala mrefu wa kituo cha mafuta. Watu wanaongea kwa ukali. Mjumbe mmoja akasema Wilaya yote iko njiani kwenda sikukuu, yaliyobaki yaahirishwe mpaka Septemba. Viti vikaanza kuburutwa.

Kisha sauti ya Bi Lartekai: "Mwenyekiti, nimetembea kiwanja hiki mara nne kwenye mvua. Familia hii imehamisha ngazi, imehamisha jiko, imetoa duka. Mfereji ule waliuacha wazi uzibuliwe, mtaa mzima wa nyuma yao umepona mafuriko tangu hapo. Wameleta kila kitu nilichoomba, na niliomba vingi. Sina hapana iliyobaki. Naomba tukae dakika chache."

Halafu ile sauti ya upole ya zimamoto: "Jiko nimelikagua. Lina milango miwili. Mimi nakaa."

Halafu sauti ya mzee mmoja ambayo siijui: "Nani anapika kenkey hapa nje? Kaeni, kaeni tumalize haraka."

Wakacheka. Viti vikarudi. Kurasa zikafunuliwa. Nilikuwa nimeushika mpini wa kikapu mpaka mkono ukafa ganzi. Kisha nikasikia, na sitasahau mlio huo hata nikizeeka nikawa kiziwi: mhuri. Du! Na mara nyingine, du! Na mara ya tatu.

Bi Lartekai alitoka mwenyewe, karatasi mkononi. Nilitaka kusema maneno mazuri niliyokuwa nimeyaandaa tangu Juni. Nikapiga ukelele. Ndege wote wa uani wakaruka.

"Sasa," akasema, akifungua mkoba wake, "kikao kimefungwa. Nipe kenkey nne, na samaki. Na usinipunguzie bei."

Wakapanga foleni, kamati nzima, mwenyekiti nyuma ya zimamoto, nikawauzia wote.

Agosti 10, Homowo

Kabla ya kula nilimkabidhi Ataa Okpoti kibali mbele ya ukoo. Alivaa miwani, akakisoma mwanzo mpaka mwisho kwa sauti, hata namba ya simu ya ofisi. Kisha akachukua bakuli la kpokpoi, chakula cha mahindi cha sikukuu, akanyunyiza mlangoni, uani, kando ya mawe ya mfereji, akiwaita waliotutangulia kwa majina, na alipofika jina la baba yangu akanipa mimi bakuli nimalizie. Mimi, mtoto wa nne, mwanamke, muuza kenkey. Nikanyunyiza.

Bwana wa hoteli alikuwepo, kavaa kitambaa kizuri. Ataa akamwambia waziwazi kiwanja hakiuzwi. Yule bwana akachota supu ya mawese, akala, akasema kwa chakula hiki hata yeye asingeuza. Akaongezewa.

Agosti 26

Msingi!

Mafundi walichimba wiki nzima. Leo Bi Lartekai kaja kukagua kabla ya zege kumwagwa. Akashuka mwenyewe kwenye mtaro na fimbo, akapima kona hadi kona. Tulisimama juu tumeshika makarai, zege linachanganywa, wapwa hawakwenda shule, Ataa kakaa kwenye kiti chake. Akafika kona ya chumba cha Shangazi.

"Hapa kina hakitoshi. Chimbeni zaidi."

Fundi akaguna. Mashine inanguruma, zege halingoji. Wote wakanitazama mimi, nadhani walitegemea nibishane naye, mimi nisiye na haya.

Nikavua kandambili, nikafunga kitambaa vizuri kiunoni, nikaruka mtaroni. "Nipeni beleshi."

Shangazi akapiga kelele kwamba nitajichafua, kisha akamsukuma mume wake naye ashuke. Odartey akashuka. Dede akashuka. Tukachimba tukigongana viwiko mpaka Bi Lartekai aliposhusha fimbo yake, ikasimama sawasawa, naye akainua kidole gumba.

Basi makarai yakaanza kupita, mkono kwa mkono, kutoka mashine mpaka kona ile, wanawake wote wa nyumba kwenye mstari mmoja na mkaguzi wa majengo katikati yetu, gauni limekunjwa ndani ya gambuti, anaimba kwa sauti mbaya kuliko zote. Zege la kwanza lilipodondoka chini ya nondo Ataa Okpoti alisimama. Alisimama mpaka kona ikajaa.

Nimenawa mara mbili, saruji bado iko kwenye kucha, na kalamu inanigandia vidoleni.